Vibonzo vya Mtandaoni na Njia Mpya za Usanii

Mwalimu, huenda tayari una mwanafunzi anayechora hadithi kwa vibonzo na kuisambaza kwa simu. Katika mtaa kama Buruburu, ambako matatu zenyewe zimewahi kuwa turubai za wachoraji, jambo hili si geni. Mwanafunzi huyo akitaka kuacha mtindo aliouzoea, utamwelekeza vipi? Makala haya yanashikilia kwamba upya hufaulu pale msanii anapobadili jambo moja huku akidumisha jingine ambalo msomaji analijua.

Tuanze na magazeti. Juha Kalulu, kazi ya Edward Gitau iliyochapishwa kwa miaka mingi katika Taifa Leo, ilijengwa kwa fremu chache na kichekesho. Mnamo 1996, Gado alitoa Abunuwasi kupitia shirika la Sasa Sema. Mhusika alibaki yule yule mjanja wa ngano; kilichobadilika ni utanzu. Kazi iliyofanywa na sauti ya fanani sasa ilifanywa na nyuso na ishara za mwili. Kisha mwaka wa 2010 likaja Shujaaz, lenye Boyie, kijana anayeendesha kituo cha redio kwa siri. Umbo la vibonzo lilidumishwa, lakini lugha ikawa Sheng, na hadithi ikavuka karatasi hadi redioni na mtandaoni.

Simu nayo huleta badiliko la msuko. Katika gazeti, jicho huona fremu zote kwa pamoja, hata ile ya mwisho. Katika simu, msomaji huteremsha picha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nafasi tupu kati ya fremu hugeuka kuwa muda: ikirefushwa, taharuki huongezeka. Ndiyo maana Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, Reinventing Comics, alihimiza wachoraji wakichukulie kioo cha kompyuta kama dirisha, si kama ukurasa.

Je, Sheng? Ukiipiga marufuku kabisa, wahusika wa Buruburu watazungumza kama taarifa ya habari. Ukiiachilia ovyo, somo la Kiswahili litapotea. Njia ya kati ni msimulizi atumie Kiswahili sanifu, nao wahusika waseme kulingana na umri na mazingira yao. Huko ndiko kujenga uhusika kwa lugha, mbinu tunayoihakiki katika tamthilia kila siku.

Unapoihakiki kazi hiyo, jiulize: Ni nini kimebadilishwa? Ni nini kimedumishwa? Je, badiliko hilo linaitumikia dhamira, au ni pambo tu?

Kama zoezi, mpe mwanafunzi ngano anayoijua aichore kwa fremu sita, akibadili kipengele kimoja pekee: mandhari, msimulizi au lugha. Kisha aandike aya moja akitetea uamuzi wake. Alama nyingi ziende kwa aya hiyo, maana humo ndimo atakamoonyesha kwamba alichagua njia yake kwa kusudi.