Mkopo Mdogo Kabla ya Mkopo wa Nyumba: Tupige Hesabu Kwanza



Wengi wenu mmetuuliza swali moja: mtu anayetaka kuomba mkopo wa nyumba, je, inamfaa kwanza kuchukua kadi ya mkopo, au mkopo mdogo wa mshahara, ili benki imzoee? Swali hili limetoka viwandani na mashambani. Juzi limetoka kwa mwenzetu mmoja anayepanga chumba cha uani huko Kigobe. Kila asubuhi akienda kazini hupita karibu na jumba la Bunge, akaziangalia nyumba za watu, akasema moyoni: nami siku moja. Ameweka akiba, amepata kiwanja kidogo chenye hati. Sasa rafiki yake amemshauri akope kwanza televisheni na friji, alipe vizuri, ndipo aende kuomba mkopo wa nyumba. Tunamwomba yeye, na ninyi nyote, msome maelezo haya kabla ya kutia sahihi.

Kadi zipo za namna mbili

Kadi ambayo wengi wetu tunayo ni ya kutolea pesa zetu wenyewe. Mshahara ukiisha, kadi nayo haitoi kitu. Hiyo si deni. Kadi ya mkopo ni jambo jingine: benki inakuruhusu kutumia pesa zake mpaka kiwango fulani, kisha unazirudisha, na ukichelewa unalipa riba.

Katika nchi kama Marekani na Uingereza, watu huchukua kadi ya namna hiyo mapema ili wajulikane kuwa ni walipaji wazuri. Lakini hata huko mtu hushauriwa asichukue kadi mpya karibu na siku ya kuomba mkopo wa nyumba. Huko Australia benki huhesabu kiwango cha kadi kama mzigo wako wa kila mwezi, hata kama hukuitumia. Hapa Burundi kadi ya mkopo ni ya wachache. Kinachochukua nafasi yake kwetu ni avansi ya mshahara, mkopo wa ada ya shule, na vitu vya nyumbani vinavyolipwa kidogo kidogo.

Benki inaangalia nini?

Benki inataka kujua mambo mawili. La kwanza: je, mtu huyu hulipa? La pili: katika mshahara wake, kimebaki kiasi gani kinachoweza kukatwa? Wengi wetu tunalijua la kwanza na kulisahau la pili. Hapo ndipo tunapoumia.

Tupige hesabu ya mfano. Riba na kiwango cha makato hutofautiana benki kwa benki, kwa hiyo kila mtu aulize kwake. Tuseme mwenzetu anapata faranga 600,000 kwa mwezi, na benki inakubali theluthi moja tu ikatwe. Hiyo ni faranga 200,000. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni miaka 15. Kwa makato hayo anaweza kupata mkopo wa nyumba wa karibu faranga 14,300,000.

Sasa tuseme alimsikiliza rafiki yake. Amekopa faranga 870,000 za televisheni na friji, kwa riba ya asilimia 18, alipe kwa mwaka mmoja. Kila mwezi anakatwa karibu faranga 80,000. Kilichobaki cha kukatwa ni 120,000. Kwa makato hayo mkopo wa nyumba hauzidi faranga 8,600,000. Ndugu, ameshika 870,000 mkononi, na amepoteza 5,700,000 za nyumba! Hiyo ndiyo tofauti ya nyumba iliyoezekwa na kuta zinazonyeshewa mvua.

Kumbukeni hivi: katika mfano huu, kila faranga 1,000 unayokatwa kwa deni jingine inaondoa karibu faranga 71,000 katika mkopo wa nyumba.

Deni la rafiki pia ni deni

Wengi wetu tumemwekea mwenzetu sahihi ya dhamana katika COOPEC au benki, kisha tukasahau. Benki haisahau. Mwenzako asipolipa, mshahara wako ndio utakaokatwa. Wala usifikiri kwamba deni la benki moja halionekani katika benki nyingine: Benki ya Jamhuri ya Burundi ina daftari kuu la mikopo ambamo hali ya mkopaji huangaliwa.

Basi benki itatujuaje?

Akiba inasema zaidi kuliko deni. Mshahara unaopita benki kila mwezi, na kiasi kinachowekwa pembeni bila kukosa, ni ushahidi mzuri. Mchuma chai wa Teza au Rwegura anayelipwa kwa kilo mapato yake hupanda na kushuka. Huyo hasa na aweke kidogo kila malipo, ili daftari lake limsemee. Mfuko wa nyumba za mijini, FPHU, ulianzishwa nchini mwetu mwaka 1989 kwa ajili ya mikopo ya namna hii. Aendaye kuomba mkopo wa nyumba, popote pale, na aende na akiba yake.

Hatusemi kwamba kukopa ni dhambi. Mtoto akiugua, hutangoja nyumba. Lakini deni la kujionyesha kwa benki halina faida kwetu.

Tufanye nini?

1. Tumalize madeni madogo kwanza, na tudai barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha.
2. Tusichukue deni jipya miezi ya karibu na kuomba, wala baada ya kuomba, mpaka jibu litoke.
3. Tuulize dhamana tulizoweka zimefikia wapi.
4. Tuulize jumla ya kulipa mpaka mwisho, pamoja na riba na gharama zote.
5. Tusijaze theluthi yote. Kumbukeni kwamba nyumba yenyewe ndiyo rehani: ukishindwa kulipa, inaweza kuuzwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeweka kwamba jumla ya makato isizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria ya namna hiyo humlinda mfanyakazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mlinzi wa kwanza wa mshahara ni mwenye mshahara.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye karatasi ya mkopo asiyoielewa na amletee mjumbe wa chama kazini kwake. Tuisome pamoja kabla ya sahihi, si baada yake.