Bomba Lililotoboka Hutoa Maji, Tena Hunywa

Anayepata maji kwa zamu, kama wengi wetu hapa Mpendae, mjini Unguja, huona uvujaji kuwa ni hasara ya bili tu. Mimi naogopa zaidi zile saa ambazo maji hayaji. Yakija, nguvu yake huyasukuma nje kupitia ufa. Yakikatika, bomba lile lile hufyonza kilicholizunguka, na jirani akiwasha pampu aliyoiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ufyonzaji huzidi. Katika mitaa iliyobanana, kilicholizunguka bomba mara nyingi ni udongo uliolowa maji ya mashimo ya vyoo. Zamu inayofuata, uchafu huo hupanda tangini. Kipindupindu hupita njia hii.

Kipimo cha uvujaji kinachojulikana zaidi ni kufunga mifereji yote na kutazama mita. Kwetu kinadanganya: tangi likiwa linajaa, mita huzunguka hata kama hakuna kinachovuja. Kwa hiyo ngoja maji yawe yanatoka, kisha funga koki inayoingiza maji tangini pamoja na mifereji yote isiyopitia tangi. Mita ikiendelea kuzunguka, tundu liko baina ya mita na tangi, aghalabu chini ya ardhi. Tafuta mahali pasipokauka, majani yaliyostawi peke yake, au rangi ya ukuta inayobanduka karibu na sakafu.

Upande wa ndani, acha koki ya tangi imefungwa usiku, tia alama ya usawa wa maji, na mtu yeyote asitumie. Asubuhi maji yakiwa yameshuka, kishuku choo kwanza. Kinavuja kimya, maji yakiteremka bakulini bila sauti. Tia bluu ya nguo kidogo kwenye tangi la choo na usikivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani umekwisha, nao ni kitu cha bei ndogo. Mfereji unaodondosha nao usiudharau: ukijaza kikombe cha robo lita kwa saa moja, kwa mwaka umemwaga zaidi ya lita 2,000.

Kulizungushia bomba mpira wa baiskeli ni kumngojea fundi tu. Kipande kilichopasuka kikatwe, kiwekwe kipya. Baada ya matengenezo mwaga maji ya mwanzo, osha tangi, litie dawa ya klorini, na maji ya kunywa yachemshwe.

Sultani Barghash, aliyefariki 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchem ya nje ya mji. Mpaka leo Unguja inategemea maji yaliyo chini ya ardhi, yanayotokana na mvua, na visima vya karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi huingia chumvi; kwa hiyo kuziba uvujaji ni kuyalinda maji hayo pia. Ukiona bomba la mtaa linavuja, kabla ya mita yako, wapigie ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, siku hiyo hiyo, maana litakapokuwa tupu litakuwa linanyonya kwa niaba ya mtaa mzima.