Draiva Mpya Inauza Nini?

Malolo hakuna uwanja wa gofu. Kuna vitunguu, kuna mifereji ya skimu ya Mwega, na kuna joto la bondeni ambalo kila anayesafiri kwenda Iringa analijua tangu anapoiacha Mikumi na kuanza kuteremka kwenye mibuyu kuelekea Ruaha Mbuyuni. Lakini kwa mcheza gofu, kata hii ya Wilaya ya Kilosa imekaa pazuri. Mashariki yake kuna uwanja wa Gymkhana ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili, ukishazimaliza kona za Kitonga na kuzipita Iringa na Mafinga, kuna uwanja wa Mufindi katikati ya mashamba ya chai, karibu mita 1,900. Mchezaji yuleyule, mwenye mfuko uleule wa fimbo, atapiga mpira Mufindi na kuuona unakwenda mbali kuliko alivyouzoea Morogoro.

Ushahidi unapatikana ndani ya gari. Kunywa maji yote ukiwa Mafinga, funga kifuniko cha chupa ya plastiki kwa nguvu, iache kwenye kiti cha nyuma. Ukifika bonde la Malolo utaikuta imebonyea ubavuni. Hakuna aliyeikalia. Hewa uliyoifungia juu ilikuwa haba, na hewa nzito ya bondeni imeiminya kutoka nje. Ukizingatia na tofauti ya joto kati ya sehemu hizo mbili, hewa ya Mufindi ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Morogoro, na mpira wa gofu unaopasua hewa hiyo hukutana na upinzani mdogo. Kwa kanuni ya kukadiria wanayoitumia wahandisi wa mipira, mkwaju wa mita 200 Morogoro unaongezeka kama mita 10 Mufindi bila mchezaji kubadilisha chochote.

Sasa mfikirie mchezaji wa ridhaa ambaye handikapu yake imeanza kushuka, kanunua draiva mpya wiki iliyopita, na mchezo wake wa kwanza nayo ni Mufindi. Atarudi Morogoro akiisifu fimbo. Mita 10 zile ni za mlima, lakini sifa zote amezipewa fundi wa kiwandani.

Hapo ndipo swali la kununua draiva linapopaswa kuanzia. Matangazo ya kila mwaka yanaahidi nguvu zaidi, mpira mrefu zaidi. Nguvu hiyo, kwa maana ya uso wa fimbo kuurusha mpira, ilishafungiwa na sheria zamani.

Mgongano wa draiva na mpira huchukua kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu nzuri inayorekodi picha 240 kwa sekunde hupiga picha moja kila sehemu nne za elfu, kwa hiyo mpira hufika, hubonyea na kuondoka kati ya picha mbili, na wewe unaona fimbo kabla na fimbo baada. Katika muda huo mfupi mpira hupondeka, na kila unapopondeka hupoteza sehemu ya nishati kama joto. Mabati membamba ya titani yalileta ujanja: uso wa draiva wenyewe unabonyea kidogo na kurudi, mpira unapondeka kidogo kuliko hapo awali, nishati inayopotea inapungua. Wataalamu hupima jambo hili kwa kugawanya kasi ambayo fimbo na mpira huachana nayo kwa kasi viliyokutana nayo. Draiva za mbao za zamani zilikuwa karibu na 0.78. Sheria ya R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, vyombo vinavyogawana usimamizi wa kanuni za gofu duniani, imeweka kikomo kinacholingana na 0.83. Sisi tulio upande wa R&A tulichelewa kidogo kubanwa: kikomo kilianza na mashindano ya ngazi ya juu mwaka 2003, kisha kikawa sheria kwa kila mchezaji mwaka 2008.

Tuifanye hesabu, kwa sababu ni fupi. Kichwa cha draiva kina gramu 200, mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Mchezaji wa kawaida anayepeleka kichwa kwa mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa, atautoa mpira kwa mita 59.5 kwa sekunde akiwa na draiva iliyofika kikomo. Akiwa na ile ya mbao, mita 57.9. Tofauti ni mita 1.6 kwa sekunde, ambayo uwanjani ni kama mita saba. Hayo ndiyo mapinduzi yote ya uso wa titani kwa mtu wa kasi hiyo anayepiga katikati: mita saba, na yalishakamilika. Draiva halali ya mwaka 2009 na draiva halali ya mwaka huu zote zinagonga dari moja.

Takwimu za uwanjani zinasema hivyohivyo. R&A imekuwa ikipima mikwaju ya wanaume wa ridhaa nchini Uingereza; mwaka 1996 wastani ulikuwa kama yadi 200, mwaka 2019 ukawa kama yadi 216. Karibu ongezeko lote lilitokea kabla ya katikati ya miaka ya 2000. Tangu hapo kampuni zimetoa draiva mpya mwaka baada ya mwaka, na wastani umebaki palepale.

Je, basi ni utapeli? Hapana. Kuna kitu kimeendelea kukua, ila hakivutii kwenye tangazo: ubishi wa kichwa cha draiva kinapogongwa pembeni. Mtu akibeba ndoo mbili za maji kwa mzega hawezi kugeuka ghafla, maana uzito uko mbali na mwili kwenye ncha mbili. Akizishika ndoo hizohizo kifuani anageuka upesi. Kichwa cha draiva kiko vivyo hivyo. Mpira ukigonga nje ya katikati, kichwa kinajipinda, na nishati iliyokipinda haikuingia kwenye mpira. Kadiri uzito ulivyosukumwa kingoni na nyuma, ndivyo kinavyokataa kupinda.

Ndiyo maana vichwa vimevimba. Mbao zilizotumika miongo mingi ni za mti wa persimoni, mgumu na mzito, na kichwa cha gramu 200 hivi kilikuwa kidogo tu. (Ungejaribu mpingo wa misitu ya Mikumi, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, ungepata kichwa kidogo zaidi, kizuri mno, na kisichosamehe dhambi yoyote.) Mwaka 1979 Gary Adams wa TaylorMade alianza kuuza draiva ya chuma iliyo wazi ndani. Mwaka 1991 Callaway walitoa Big Bertha yenye ujazo wa sentimita za ujazo 190, kubwa kwa wakati wake. Titani, yenye uzito wa kama asilimia 58 ya chuma kwa ujazo uleule, ikaruhusu kuendelea hadi kikomo cha sasa cha 460. Ubishi wenyewe nao una kikomo chake kisheria, 5,900 kwa kipimo cha gramu mara sentimita mraba.

Rudi kwa mchezaji wetu wa mita 40 kwa sekunde. Safari hii agonge sentimita mbili nje ya katikati. Kwa draiva yenye ubishi wa 5,000, mpira unatoka kwa mita 57.8. Kwa kichwa kidogo chenye nusu ya ubishi huo, unatoka kwa mita 56.2. Tofauti ni ileile 1.6! Hii ni hesabu ya karatasi, imeacha mengine, lakini inaonyesha kwamba kwa mtu asiyepiga katikati kila mara, umbo la kichwa limeleta faida sawa na ile ya uso wenyewe. Na mchezaji anayepanda daraja ndiye huyo hasa: leo katikati, kesho ukingoni.

Kabla hujatoa pesa, basi, tafuta unapogonga. Huhitaji rada wala chumba cha vioo. Chukua poda ya mtoto, paka uso wa draiva kwa kidole mpaka upauke, piga mpira, uangalie. Utaona duara dogo safi pale mpira ulipoifuta poda, na ndani yake alama za vishimo vya mpira. Paka tena, piga tena, na kila mara weka nukta kwenye mchoro wa uso wa draiva uliouchora kwenye karatasi. Baada ya mipira kumi karatasi itasema ukweli ambao rafiki zako wanakuficha.

Nukta zikikusanyika mahali pamoja lakini karibu na shingo ya fimbo, mkwaju wako ni thabiti. Mara nyingi tatizo ni umbali unaosimama kutoka kwenye mpira, au fimbo ndefu mno. Draiva nyingi dukani zina urefu wa kama inchi 45.5. Kukata inchi moja, fundi akarekebisha uzito wa kichwa baada ya hapo, ni kazi ya bei ndogo kuliko draiva mpya, na kwa wengi hurudisha nukta katikati. Zikikusanyika chini, inua tii kwanza: mpira unaogongwa chini ya uso hutoka na mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, unapanda, unaning'inia, unaanguka. Zikitawanyika kila kona, hapo kichwa kikubwa chenye ubishi kitakusaidia, na mwalimu atakusaidia zaidi.

Baada ya hapo ndipo pembe ya uso, ambayo wachezaji huiita lofti, na hapa wanaume tunajidanganya sana. Draiva ya digrii 9 inaonekana ya kibingwa. Lakini mpira wa gofu hauruki kama jiwe. Mzunguko wake na vishimo vyake huupa nguvu ya kuinuka hewani, na nguvu hiyo hupungua haraka kasi inapopungua. Mwenye kasi ya wataalamu wa kulipwa anaweza kuutoa mpira chini na hewa ikamwinulia. Mwenye mita 40 kwa sekunde hana bahati hiyo. Anahitaji mpira uanze na digrii 13 au zaidi kutoka ardhini, na kwa mikono mingi hiyo ni draiva ya 10.5 au 12. Mufindi, ambako hewa haba inapunguza pia ule uinukaji, sababu ya kuongeza lofti ni kubwa zaidi.

Msimu nao una neno. Kiangazi uwanja ukikauka, mpira wa chini ukitua unakimbia, na mwenye digrii 9 atakutambia. Masika unatua na kukwama palepale ulipoangukia. Mimi ningechagua kwa ajili ya masika, kwa sababu kiangazi kila mtu ana mbio.

Kuhusu shafti nitasema machache. Herufi zilizoandikwa juu yake, R kwa ya kawaida na S kwa ngumu, hazina kipimo kimoja kati ya kampuni na kampuni. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kama S ya yule. Uzito angalau unapimika: grafaiti ya gramu 50 hadi 60 inamfaa mchezaji wa kasi ya wastani, na kuna sababu chache za kumwambia abebe zaidi. Ijaribu kwa mikono yako, tena siku ukiwa umechoka kidogo, shimo la kumi na mbili au la kumi na nne, kwani hapo ndipo shafti ngumu hudai deni lake.

Kwa bei, hesabu ya kikomo ndiyo inayokupa nguvu ya kujadiliana. Draiva yenye miaka mitano au kumi, ya kampuni inayojulikana, ujazo 460, uso usio na ufa, itampa mchezaji anayepanda karibu kila kitu ambacho ya mwaka huu inampa. Mpya zina nafuu halisi sehemu moja: uso umetengenezwa ili mruko usipungue sana hata ukigonga mbali na katikati. Nafuu hiyo ipo. Ni ndogo, na bei yake si ndogo.

Tatizo la mtumba ni bandia. Fimbo za kughushi ni biashara ya dunia nzima, na kichwa cha bandia huonekana kizuri hadi uso upasuke. Jina la modeli na lofti vimechapwa chini ya kichwa. R&A na USGA huweka mtandaoni, bila malipo, orodha yenye picha za kila kichwa cha draiva kinachokubalika. Fungua orodha hiyo kwenye simu ukiwa bado na muuzaji, linganisha maandishi herufi kwa herufi, tikisa kichwa usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani, kisha omba upige mipira michache yenye poda. Muuzaji akikataa, mwachie fimbo yake.