Bulu ya remorki: lini utie grisi, lini uiache kavu

Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja, wawili wako hapa Kolwezi na mmoja Fungurume: ile bulu ya nyuma ya gari, inayoshika remorki, inatiwa grisi ama haitiwi? Kila mmoja alikuwa ameshapata jibu kwa fundi wake, na majibu hayakufanana. Naandika hapa mara moja kwa wote, maana mafundi wale wote walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa anawaza remorki yake.

Bulu ni tufe la chuma. Juu yake kinakaa kikombe cha remorki, na ndani ya kikombe mna taya inayokaza chini ya tufe ukishafunga mkono. Kila kona unayokata na kila shimo unalopita, kikombe kinazunguka juu ya tufe. Kwa remorki tunazozijua sisi, ya tangi la maji, ya jenereta, ya mbao za ujenzi, hapo ni chuma juu ya chuma. Basi grisi lazima, tena kidogo, ya kupaka na kidole. Bila grisi tufe linaliwa, kikombe nacho kinaliwa, na utasikia linalia kila ukikata kona.

Karavani ndiyo inaharibu hesabu. (Zamani kwetu karavani ilikuwa watu: ile ya kutoka Bunkeya kwa M'siri, misalaba ya shaba na pembe mabegani. Ile haikuuliza mambo ya grisi.) Nyumba za magurudumu si nyingi hapa, lakini ninaziona zinaingia kwa Kasumbalesa, zimeshatumika kwingine, na watu wanazifanya ofisi ya shantie ama mahali pa kulala karibu na machimbo. Nyingi zilizotengenezwa Ulaya zina kichwa cha aina nyingine, kama vile vya AL-KO au Winterhoff. Chungulia ndani ya kikombe. Ukikuta vipande vinavyofanana na pleti za breki, vinavyobana tufe kutoka pande mbili, hiyo si ya kutia grisi hata chembe. Kazi ya vipande vile ni kusugua kwa makusudi, ili karavani isichezeshe pua kulia na kushoto. Ukipaka grisi hapo ni sawa na kupaka grisi kwenye disiki ya breki.

Na kuyumba si mchezo. Karavani ina ubavu mpana. Lori la katodi likikupita kwenye barabara ya Likasi, upepo wake unaisukuma pua, halafu unaivuta mkia. Kampuni moja ya huku, sitaitaja, ilileta karavani yake kutoka Likasi ikiwa imepakwa grisi ya kutosha kukaanga samaki. Fundi alimwambia dereva: "Patron, akuna shida, iko nashika muzuri." Kwenye mteremko wa kwanza karavani ilianza kupiga mkia. Dereva alikuwa mtu mzima: aliachia mafuta polepole, akashika usukani wima, hakukanyaga breki kwa ghafula, wala hakujaribu kuikimbia. Ikatulia. Kando ya barabara ile kuna mama wa kuuza mihogo na vijana wanaosukuma baiskeli za makaa, kwa hiyo msiseme ilikuwa bahati ya gari peke yake. Nilipokifungua kile kichwa, vipande vilikuwa vinang'aa kwa grisi, na tufe bado lilikuwa na rangi ya dukani.

Hiyo rangi nayo ni shida. Bulu mpya mara nyingi inakuja imepakwa rangi au mipako ya kuzuia kutu. Kwa kichwa cha msuguano, rangi itoke yote: piga msasa mpaka chuma cheupe kionekane, halafu futa kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi. Usifute kwa mazuti, inaacha mafuta. Vipande vikiwa vimechafuka kidogo, vipitishie msasa laini. Vikiwa vimeshakunywa grisi, nunua vipya. Tena vichwa hivi vinataka bulu yenye shingo ndefu. Ukikifunga kwenye bulu fupi ya kawaida, ukikata kona kali kichwa kinagonga chuma cha gari.

Sasa turudi kwa wenye remorki za kawaida, maana ndio wengi. Wakati wa kipwa, vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, na ndani yake mna mchanga. Grisi ikikaa wazi inaukusanya mchanga ule, na mchanga ndani ya grisi ni dawa ya kusagia chuma. Ndiyo sababu kuna mafundi wanaosema bora kavu. Mimi sikubaliani nao. Shida ni grisi ya zamani. Futa yote, pamoja na ndani ya kikombe, kisha paka mpya. Safari za lami, fanya kila mara unapofunga remorki. Ukienda kwenye njia za udongo, rudia hata jioni ile ile. Na ukiachanisha remorki, funika bulu. Kifuniko cha plastiki kinafaa, mpira wa tenisi uliopasuliwa pia unafaa.

Kipimo je? Bulu ya kawaida ya Ulaya ni milimita 50. Ipime kwa kalipa mahali palipoliwa zaidi, na upime pande mbalimbali, kwa sababu haliliwi sawasawa. Likishuka mpaka 49, ondoa. Lakini magari yetu yanatoka kila upande wa dunia, na kuna bulu za inchi. Ile ya inchi 2 ni milimita 50.8, na kikombe cha 50 kinaweza kukataa kufunga sawasawa juu yake. Ile ya inchi 1 na 7/8 ni milimita 47.6 tu: kikombe cha 50 kitaikubali vizuri sana, mkono utafunga, kisha kwenye shimo kubwa remorki itaruka ibaki nyuma. Hii ndiyo inayonitisha kuliko kutu. Soma namba iliyogongwa juu ya tufe, na kama imefutika, pima.

Bolti: bulu ya bamba ya Ulaya inashikwa na bolti mbili za M16. Barabara yenye mawimbi inazilegeza. Kaza kwa spana ya kupima nguvu, kwa namba ya mtengenezaji, na urudie baada ya kilomita za kwanza.

Kuna jambo la urefu ambalo wenye Land Cruiser hawalipendi. Kwa magari madogo kipimo cha Ulaya kinataka katikati ya tufe iwe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo. Pikapu zetu zinakaa juu zaidi, hivyo pua ya karavani inaangalia mbinguni, uzito unakimbilia nyuma, na kuyumba kunaanza. Tafuta bamba la kushushia bulu, karavani ikae sawa na barabara. Kisha weka mizigo mizito juu ya ekseli, si nyuma. Uzito unaobaki kwenye bulu uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya remorki yote, bila kupita kiasi kilichoandikwa kwa gari lako. Unaupima na mizani ya bafuni na kipande cha mbao chini ya kikombe.

Ukishafunga, kabla ya kuondoka, zungusha gurudumu la mbele la remorki uinue pua. Nyuma ya gari ipande pamoja nayo. Kama kikombe kinachomoka, haikushika. Inachukua dakika moja. Halafu funga nyaya au minyororo ya usalama, na ndipo uunganishe taa.

Kalipa ninayo. Jumamosi asubuhi niko garaji, anayetaka kupima bulu yake aje, lakini aifute kwanza.