Jua la Mchana, Maji ya Usiku

Wako watu wanaosema kwamba umeme wa jua ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Na huko Ulaya kwenyewe wako wanaosema kwamba ni upuuzi kulitegemea jua katika nchi ya mawingu na theluji. Maneno yote mawili yafaa kupimwa kwa makini, na hapana mahali pazuri pa kuyapimia kuliko Nyumba ya Mungu, bwawa la Mto Pangani lililo upande wa magharibi wa Milima ya Upare, mahali ambapo maji ni haba na jua ni tele.

Tuanze na wenzetu wa kaskazini. Paneli haihitaji joto, yahitaji mwanga. Na mwanga hupenya hata mawingu, ingawa hupungua. Tena baridi huisaidia. Joto la paneli likipita nyuzi 25, kila nyuzi moja inayozidi huipunguzia nguvu kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.5. Ndiyo sababu Ujerumani, nchi isiyosifika kwa jua, ilipofika mwaka 2025 ilikuwa imekwisha kufunga paneli zenye uwezo uliopita megawati 100,000. Sisi tunalo bwawa kubwa la Julius Nyerere huko Rufiji, nalo lina uwezo wa megawati 2,115. Mwenye kusema kwamba jua la kaskazini halifai kitu, basi na aitazame hesabu hiyo.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Shida ya kaskazini ipo, nayo ni majira ya baridi. Katika mwezi wa Desemba mchana wa Berlin haufiki hata saa 8, jua hupita chini karibu na upeo wa macho, na paneli huzaa sehemu ndogo tu ya umeme zinaozaa mwezi wa Juni. Hapana betri ya kawaida iwezayo kulibeba jua la Juni hadi Desemba. Kwa hiyo Wajerumani huutegemea upepo, ambao kwao huvuma zaidi wakati wa baridi, na bado huchoma makaa ya mawe na gesi. Aidha, mwaka 2021 ulifunguliwa waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kati yao na Norwe, wenye uwezo wa megawati 1,400. Ujerumani ikiwa na ziada ya jua au upepo, Norwe hununua umeme huo na kuyaacha maji yake yatulie mabwawani. Ujerumani ikipungukiwa, Norwe huyafungulia maji. Kwa maneno mengine, bwawa limekuwa ghala la jua.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Same na Nyumba ya Mungu ziko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi, Januari hata Desemba. Paneli za kilowati moja, ambazo Ujerumani huzaa kama uniti 1,000 kwa mwaka, katika nchi zetu kavu huweza kuzaa uniti 1,500 na zaidi. Sisi hatuna majira ya giza. Giza letu ni la usiku mmoja tu, na asubuhi jua hurudi. Mzigo ambao mwenzetu hana budi kuubeba kwa miezi, sisi twaubeba kwa saa chache.

Na ghala tunalo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, likapokea maji ya mito ya Ruvu na Kikuletwa, na mtambo wake wa megawati 8 ukaanza kazi mwaka 1968. Maji yakitoka hapo huteremka hadi Hale, palipofunguliwa mtambo wa megawati 21 mwaka 1964, kisha hadi Maporomoko ya Pangani, penye megawati 68 zilizoanza mwaka 1995. Kila lita inayotunzwa bwawani yaweza basi kufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini.

Tatizo ni kwamba lita zenyewe hazitoshi. Ukame wa mwaka 2006 uliifundisha nchi nzima maana ya mgawo wa umeme: viwanda vilisimama, na kibarua aliyelipwa kwa siku akarudi nyumbani mikono mitupu. Mtambo usio na maji ya kutosha hauwezi kuzunguka kwa nguvu zake zote usiku na mchana. Basi swali ni hili: maji hayo machache yatumike saa ipi? Jibu letu ni kwamba jua lifanye kazi mchana, ili maji yangojee saa 1 jioni, wakati taa zinapowashwa na jua limekwisha kutua.

Wazee wa Upare hawatalishangaa jambo hili. Katika milima ya Same wamechimba ndiva tangu zamani. Maji ya mfereji huingia ndivani usiku kucha, watu wakiwa wamelala, na asubuhi hufunguliwa yakanyweshe mashamba kwa zamu. Walijua kwamba kitu kisichotumika sasa hakina haja ya kupotea. Sisi twaambiwa tufanye yale yale kwa kuyageuza: tuweke mchana, tufungue usiku.

Iko kazi nyingine iliyo nyepesi zaidi kwa jua. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uyatoao maji katika bwawa hili hili. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Husukumwa kwa pampu, na pampu hula umeme. Pampu ya jua ikisukuma mchana hadi tangi lijae, tangi lenyewe ndilo betri. Mama atakayefungua bomba usiku atateka jua la mchana bila ya kujua.

Hatusemi kwamba mambo haya ni rahisi. Mwaka 2014 Rwanda ilianza kupata umeme katika shamba la paneli la Rwamagana, lenye megawati 8.5, karibu sawa na mtambo wetu, juu ya hekta zipatazo 20. Lakini megawati ya jua hulala usiku, hivyo haiwezi kuhesabiwa sawa na megawati ya maji. Vumbi la Same litataka kufutwa, na joto lake litapunguza nguvu za paneli. Mto nao hauwezi kufungwa mchana kutwa kama bomba, kwa maana mkulima wa chini ana haki yake. Hapana budi Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iwasikilize wote. Na ardhi inayoitwa tupu na mgeni ni malisho ya mfugaji, kama vile maji yanayoitwa matupu ni shamba la mvuvi. Paneli zisiwekwe juu ya haki ya mtu.

Wajerumani hawakufika walipo kwa bahati. Mwaka 2000 walitunga sheria iliyomhakikishia mwenye paneli, hata mkulima mwenye banda la ng'ombe, bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20. Sisi nasi tumeanza: mwaka 2023 TANESCO ilitia sahihi mkataba wa kujenga megawati 50 za jua huko Kishapu, Shinyanga. Hatua hiyo isiishie Shinyanga. Upareni jua lipo, bwawa lipo, na akili ya ndiva ipo. Watu wa nchi za giza wamekubali kuhangaikia kila mwali wanaoupata. Itakuwa aibu sisi tuliojaliwa mchana mrefu mwaka mzima tuendelee kulitumia jua kwa kukaushia samaki tu.