Pakanga ya Wachina: Kazi Yake na Hatari Yake

Juzi mama mmoja mkulima alifika katika ofisi yetu ya kilimo na kitawi alichokifunga katika gazeti. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Wachina wana mmea uponyao malaria, maumivu ya viungo na magonjwa ya wanawake, na kwamba mmea huo ni huu huu umeao kwetu. Akauliza, "Bwana Karani, je, nichemshe niwape watoto?"

Swali lake ni jema, na jibu lake laweza kuokoa maisha ya mtoto. Basi, msomaji, tulieleze jambo hili taratibu.

Kitawi kile kilikuwa cha pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia wanalijua jina lake. Pakanga ina ndugu wengi duniani, nao wataalamu wa mimea huwaita wote Artemisia. Leo twataka kuwajua ndugu watatu: pakanga ya kwetu milimani, pili, ile ambayo Wachina huiita ai, na tatu, ile waiitayo qinghao. Wote wana harufu kali, lakini kazi zao si moja.

MMEA WA AI

Ai humea kandokando ya njia na penye majani, tena hulimwa. Kimo chake ni kama futi 3 hadi 5. Ukiligeuza jani lake utaona kwamba upande wa chini ni mweupe, kwa sababu ya manyoya mafupi mengi. Manyoya hayo ndiyo yatafutwayo hasa. Ai yenye sifa kubwa ni ya wilaya ya Qichun, katika jimbo la Hubei. Huko ndiko alikozaliwa mganga Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilipigwa chapa mwaka 1596.

Majani huchumwa karibu na siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda ya Wachina, ambayo kwetu mara nyingi huangukia mwezi wa Juni. Siku hiyo ni sikukuu, na watu hutundika matawi ya ai mlangoni ili kufukuza maradhi.

JINSI INAVYOTENGENEZWA

Kwanza, majani hukaushwa vizuri. Pili, huwekwa ghalani. Wachina husema kwamba yaliyokaa miaka 3 ni bora kuliko mapya, maana moto wake ni wa pole. Tatu, hutwangwa katika kinu na kuchekechwa mara nyingi, mpaka unga na vijiti vitoke na kubaki manyoya tu, laini kama pamba. Nne, pamba hiyo husokotwa katika karatasi iwe kama sigara nene, au hufinyangwa iwe vichuguu vidogo.

JINSI INAVYOTUMIKA

Kazi kubwa ya ai si kunywewa, bali ni kuchomwa. Mganga huwasha ncha ya ile sigara, kisha huishika kama inchi 1 juu ya ngozi, pasipo kugusa, mpaka mahali pale pawe pekundu na pa moto. Huweza pia kuweka kipande cha tangawizi juu ya ngozi, na juu yake kichuguu cha ai kinachoungua polepole. Wachina hufundisha kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini katika njia zake, na baridi ikiziba njia hizo mtu huumwa. Joto la ai huzifungua. Kwa hiyo huitumia kwa maumivu ya viungo, tumbo la baridi, kuhara, na maumivu ya hedhi.

Uganga huu ni wa kale sana. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 K.K., yalikutwa maandishi juu ya kitambaa cha hariri yanayoeleza uchomaji huo. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuandika, pamoja na ule wa kuchoma sindano, katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Je, wafaa? Wataalamu wamejaribu kupima. Mwaka 1998 lilitangazwa jaribio lililofanywa China kwa wanawake 260 wenye mimba ya kwanza, ambao watoto wao walitangulia matako tumboni. Nusu yao walichomewa ai karibu na kidole kidogo cha mguu. Baada ya wiki 2, watoto 98 kati ya 130 walikuwa wamegeuka vyema. Kwa wale wasiochomewa waligeuka 62 kati ya 130. Lakini jaribio la Uswisi lililotangazwa mwaka 2009 halikuona tofauti. Basi jambo hili ni la daktari na mkunga, si la kujaribiwa nyumbani.

HATARI ZAKE

Majani ya ai hunywewa pia, hasa kuzuia damu ya wanawake, lakini kwa kipimo cha gramu 3 hadi 9 tu. Kitabu cha dawa cha serikali ya China chenyewe chasema kwamba jani hili lina sumu kidogo. Mwenye mimba asilinywe bila shauri la daktari. Moto wake waweza kumwunguza mtu, hasa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake haisikii maumivu. Moshi wake ni mbaya kwa mwenye pumu.

NA MALARIA JE?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Dawa ya malaria haikutoka katika ai, bali katika ndugu yake, qinghao. Mwaka 1967 serikali ya China iliwaagiza wataalamu wake watafute dawa hiyo. Bibi Tu Youyou alisoma katika kitabu cha mganga Ge Hong, wa karne ya 4, kwamba qinghao hulowekwa majini na kukamuliwa. Akafahamu kwamba labda moto wa kuchemsha huiharibu nguvu yake. Akaitoa dawa pasipo moto mkali, akafaulu, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda nao wamepata kuilima qinghao na kuuza majani yake kiwandani.

Vidonge vya AL tupewavyo zahanati vina dawa iliyotokana na qinghao, ikiwa imepimwa na kuunganishwa na dawa ya pili. Majani ya kuchemsha hayana kipimo. Dawa ikiwa haba, vijidudu vya malaria havifi vyote, na vilivyobaki hujifunza kuishinda. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali majani ya Artemisia yatumiwe kutibu malaria wala kuizuia.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama yule: "Mama, pakanga yako iache shambani. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu." Nawe, msomaji, fanya vivyo hivyo, na umweleze jirani yako.