Maridhiano ya Zanzibar: yalianzia wapi, yalikwama wapi

Uchaguzi ukishapita Zanzibar, na upande mmoja ukayakataa matokeo, swali linalozunguka kwenye baraza za Mji Mkongwe huwa ni moja: wakubwa watakaa lini? Liliulizwa baada ya 1995, baada ya 2000, 2005, 2015 na 2020. Linaulizwa tena tangu Oktoba 2025, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) ilipomtangaza Dk. Hussein Mwinyi wa CCM kuwa mshindi kwa asilimia 74.8, na ACT-Wazalendo, ambacho mgombea wake Othman Masoud Othman alipewa asilimia 23.2, kikayakataa matokeo hayo.

Ni swali la haki, kwa sababu visiwa hivi vimewahi kuonja matunda ya wakubwa kukaa. Lakini kwa sisi tunaofuatilia mambo ya katiba na uchaguzi, ni swali linalokuja limechelewa. Mazungumzo yaliyoleta utulivu wa kweli Zanzibar ni yale yaliyofanyika kabla ya kura kupigwa. Na kila utulivu huo ulipovunjika, haukuvunjika kwa ugomvi wa vyeo. Ulivunjika kwenye meza ya kuhesabia kura.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo mzizi wa mambo. Oktoba 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF akapewa 49.8. Hali hiyo haikuwa ngeni. Januari 1961 uchaguzi uliishia kambi mbili zina viti 11 kwa 11, ukarudiwa Juni, na ghasia zikaua watu 68. Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini vyama vya ZNP na ZPPP kwa pamoja vikapata viti vingi zaidi na vikaunda serikali. Miezi sita baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi. Nchi iliyogawika nusu kwa nusu kwa muda wote huo haiwezi kutulia chini ya mfumo unaompa mshindi kila kitu.

Na hicho "kila kitu" kinafika mbali kuliko anavyodhani mgeni. Mtu wa Malindi au wa Makunduchi anamjua sheha wake kabla ya kumjua waziri. Sheha ndiye anayethibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia yake pale unapoomba Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila kitambulisho hicho huandikishwi katika Daftari la Wapiga Kura. Sheha hachaguliwi na watu wa shehia. Huteuliwa na serikali. Kwa hiyo anayeshindwa urais anahisi ameshindwa mpaka mlangoni kwake, na anahisi pia kwamba aliyemshinda ndiye atakayeamua kama safari ijayo atapiga kura au hatopiga.

Ndiyo maana mpasuko uliingia majumbani. Baada ya 1995, hasa Pemba na kaskazini ya Unguja, watu waliacha kuzikana. Harusi zilisusiwa na ndugu wa damu, duka la mwenye chama kile likakosa wanunuzi, na zipo ndoa zilizovunjika. Mjini kila upande ulikuwa na kituo chake. Jaws Corner, katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ilikuwa ya CUF, na kahawa yake na bendera zake. Kisonge, pale Michenzani, ilikuwa maskani ya CCM, na ubao wake wa maneno makali kwa wapinzani. Kutoka hapa hadi pale ni mwendo mfupi wa miguu, lakini wapo watu wazima waliokaa miaka bila ya kukanyaga upande wa pili.

Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF ulitiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, chini ya Katibu Mkuu wake, Chifu Emeka Anyaoku. Ulibaki kwenye makaratasi. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika kiasi cha kurudiwa katika majimbo 16, na maandamano ya CUF ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yakajibiwa kwa risasi. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa 35 kwa uchache. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wengine, ikawa nayo imetoa wa kwake.

Muafaka wa pili, wa Oktoba 2001, unadharauliwa mno siku hizi kwa sababu uchaguzi wa 2005 nao uliishia kwa kukataliwa. Mimi nadhani unadhulumiwa. Huo ndio uliogusa chombo chenyewe: ZEC ikaundwa upya ikapata makamishna wawili wanaopendekezwa na upinzani, likaanzishwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na Mei 2003 ukafanyika uchaguzi mdogo Pemba uliokwenda vizuri. Kazi ilikuwa nusu tu, lakini ilikuwa nusu inayohitajika.

Halafu yakaja Maridhiano yenyewe. Mazungumzo ya CCM na CUF yaliyoanza baada ya 2005 yalikwama Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama na kutaka suala la kugawana madaraka lipelekwe kwanza kwenye kura ya maoni. CUF ikakataa. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, bila ya msuluhishi kutoka nje. Siku mbili baadaye Maalim alipanda jukwaani Kibanda Maiti akawaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais. Baadhi yao walipiga kelele za kukataa mbele yake. Kwa miaka tisa, tangu uchaguzi wa 2000, walikuwa wameambiwa mtu huyo si rais halali. Kiongozi anayerudi kwa watu wake na habari wasiyoitaka, na akasimama nayo, anafanya kazi ngumu kuliko ya kupeana mikono mbele ya kamera.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kusomwa taratibu. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja binafsi ya kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary, ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kamati ya watu sita chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo ikayasimamia makubaliano. Tarehe 31 Julai wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti katiba ikabadilishwa. Uchaguzi ukawa tarehe 31 Oktoba. Yote hayo yalitimia kwa muda usiofika mwaka, na yalitimia wakati hakuna aliyejua nani atashinda.

Hapo ndipo ilipo siri. Kabla ya kura, kila upande ulikuwa na sababu ya kumwekea aliyeshindwa heshima yake, kwa kuwa aliyeshindwa angeweza kuwa ni yeye. Baada ya kura hofu hiyo ipo upande mmoja tu, na upande wa pili huwa tayari umeshashika dola.

Tarehe 1 Novemba 2010, katika Hoteli ya Bwawani, Mwenyekiti wa ZEC Khatib Mwinyichande alisoma matokeo: Dk. Ali Mohamed Shein kura 179,809, Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ya kura 3,471. Miaka kumi nyuma tofauti ndogo kama hiyo ingetosha kuleta maafa. Maalim alikubali matokeo pale pale na akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu wakarudi kuzikana, na kwa wengi wetu hicho ndicho kilichokuwa kipimo, kuliko orodha ya mawaziri.

Wapo waliolipia. Mansour Yussuf Himid, aliyekuwa kwenye kamati ya sita kwa upande wa CCM, alifukuzwa chamani 2013. Mzee Moyo, mmoja wa waasisi, akafukuzwa 2015. Mtu wa kati hupigwa na wa kwake, na chama kisichomlinda mtu wa aina hiyo hakitompata tena siku kitakapomhitaji.

Sasa tuangalie muundo. Kwa katiba iliyorekebishwa, Makamu wa Kwanza hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, kikipata angalau asilimia kumi ya kura za urais, au, kikishindwa kufikia hapo, chama cha pili kwa viti katika Baraza la Wawakilishi. Wizara hugawanywa kwa kufuata viti. Lakini Makamu wa Kwanza ni mshauri. Shughuli za serikali Barazani ziko mikononi mwa Makamu wa Pili, anayetoka chama cha Rais. Ireland ya Kaskazini, iliyofanya makubaliano yake 1998 baada ya miaka thelathini ya damu, ilichukua njia nyingine: Waziri wa Kwanza na Naibu wake wana madaraka sawa, na mmoja akijiuzulu mwenzake naye anapoteza kiti. Mfumo wao unakwama mara kwa mara, lakini hakuna anayeweza kumpuuza mwenzake. Kwetu wa pili yumo ndani ya nyumba, funguo hana.

Udhaifu huo ungevumilika. Usiovumilika ni kwamba Maridhiano ya 2010 yaligawa viti na yakamwacha refa alipokuwa. Matokeo ya urais yakishatangazwa na ZEC, katiba ya Zanzibar inaizuia mahakama yoyote kuyahoji. Kenya, baada ya mamia ya maelfu ya watu kupoteza makaazi na zaidi ya elfu moja kuuawa katika ghasia za 2007 na 2008, iliifungulia Mahakama ya Juu mlango huo katika katiba ya 2010, na Septemba 2017 mahakama ikaufuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Zanzibar mwenye shaka hana pa kuipeleka isipokuwa barabarani au Ikulu.

Oktoba 2015 deni hilo likadaiwa. Tarehe 26 Maalim Seif alitangaza hesabu zake mwenyewe zinazompa ushindi. Lilikuwa kosa, kwani kutangaza ni kazi ya Tume. Lakini lililofuata lilikuwa zito zaidi. Tarehe 28, matokeo ya majimbo kadhaa yameshasomwa Bwawani, Mwenyekiti wa ZEC Jecha Salim Jecha alionekana kwenye televisheni ya serikali akiufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar. Kura za Rais na wabunge wa Muungano, zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, ndani ya vituo vile vile, zikabaki halali. Vikao vya Ikulu vilivyowakutanisha wakubwa havikufika popote. Machi 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusia, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia masharti ya katiba, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu kwa karibu miaka mitano. Serikali ya Umoja ikawa imekufa bila ya mtu kubadilisha hata kifungu kimoja.

Agosti mwaka huo, kwenye mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, Dk. Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif. Maalim hakuupokea. Kisiwa kizima kilizungumzia mkono ule kwa wiki nyingi, kwa kuwa mazikoni ndipo mahali pa mwisho ambapo Mzanzibari anatarajiwa kusahau chama.

Disemba 2020, baada ya uchaguzi ambao yeye mwenyewe alikamatwa siku ya kura ya mapema na kupewa asilimia 19.87 tu, Maalim aliyekuwa sasa ACT-Wazalendo alikubali tena kuingia serikalini chini ya Dk. Mwinyi. Wapo wafuasi waliolia kwa uchungu. Alifariki Februari 2021, na Othman Masoud akakirithi kiti. Uamuzi ule ulizuia mengi mabaya, nami nauheshimu. Lakini ulikuwa maridhiano ya baada ya kura, na miaka mitano baadaye tumejikuta pale pale.

Kwa hiyo msingi wa pamoja utafutwe wapi? Kuna mambo ambayo mwana CCM mwenye busara anaweza kuyakubali bila ya kuhofia chama chake. La kwanza ni kura ya mapema. Kwa sheria ya uchaguzi ya 2018, wanaohusika na ulinzi na usimamizi hupiga kura siku moja kabla ya wengine. Majina yao yakibandikwa vituoni wiki kadhaa kabla, na mawakala wa vyama wakayahakiki, nusu ya maneno ya barabarani yatakwisha. Siku mbili zikirudi kuwa moja, yatakwisha yote. La pili, anayethibitisha ukaazi kwa ajili ya kitambulisho asiwe mteule mmoja asiyehojiwa. Aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi na pa kukata rufaa. La tatu, Mwenyekiti wa ZEC asiweze peke yake kufuta hata kituo kimoja. Uamuzi uwe wa kikao chenye akidi na saini za makamishna. La nne ndilo gumu: kuifungulia mahakama mlango wa matokeo ya urais.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu uwaziri. Pengine ndiyo maana hayasikiki mara kwa mara vikao vinapoitishwa. Uchaguzi ujao ni 2030. Karume na Maalim Seif walianza mwaka mmoja kabla ya kura yao na waliwahi kwa tabu. Kazi ya safari hii ni kubwa kuliko ile, na Baraza la Wawakilishi ndilo lenye mamlaka ya kuianza kwa hoja, kama lilivyofanya Januari 2010.